Marehemu Hahitaji Kiti

Utani wa Ndekirwa ndio uliotangulia, hofu ikaja nyuma yake.

"Ninyi Wapare mna sherehe Alhamisi na watani hamtualiki," aliniambia. "Mnaogopa tutawamalizia wali?"

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, tumekaa kwenye chumba cha uangalizi cha kituo chetu pale Same. Ndekirwa ni Mchaga wa Marangu, na Mchaga akikaa chumba kimoja na Mpare lazima mmoja amchokoze mwenzake, la sivyo siku haiendi. Nikamjibu kwamba wali wetu una wenyewe. Kisha nikavuta kiti changu kwenda kuona anachokiona.

Kwenye skrini yake, mnara wa Mamba, huko milimani kwetu, ulikuwa umetengewa viti arobaini na kimoja vya siku ya Alhamisi. Nikaanza kusoma majina. Shangazi Nakundwa wa Arusha. Baba mdogo Kiondo wa Tabata. Binamu zangu wawili wa Mwanza, ambao hata Krismasi hawaji. Mama mwenyewe, anayeishi huko huko. Ukoo mzima wa Mgonja, kila mwenye kidundo kifuani, alikuwa anatarajiwa kuwa mlimani siku moja, saa nane mchana. Na kati yao hakuna hata mmoja aliyekuwa ameanza safari.

Nilimpigia Mama. Akasema Alhamisi hana shughuli yoyote zaidi ya kupalilia maharage yake, akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikamwambia nimekunywa. Nilipokata simu niliona Ndekirwa hacheki tena.

Kidundo ni kitu kidogo, kama punje ya kunde, na ndani yake hakina akili. Akili iko mnarani. Mnara ndio unaousoma moyo wako na kuuambia upige lini, ndiyo maana kidundo kinakaa kifuani miaka ishirini bila mtu kupasuliwa tena. Ukitembea ukatoka eneo la mnara mmoja, mnara huo hukukabidhi kwa mwenzake, na katika makabidhiano hayo kuna kipande cha wakati ambapo moyo wako hauna anayeushika. Kidundo chenyewe kinaweza kujikokota sekunde moja na nusu. Zamani makabidhiano yalichukua hadi mbili. Miezi ile ya mwanzo tulikuwa tunapoteza watu wanane kwa mwezi, wote wakiwa safarini, wote katikati ya mnara na mnara.

Mimi ndiye niliyemtengeneza Mtangulizi, programu inayoiongoza minara. Badala ya mnara wa mbele kusubiri ufike mpakani ndipo uanze kukuuliza wewe nani na moyo wako unapigaje, Mtangulizi hukisia unakokwenda, hupeleka nakala ya moyo wako kabla yako, na kukuwekea kiti. Ukifika, umeshapokewa. Ucheleweshaji ulishuka hadi sehemu nne za elfu ya sekunde. Nilipewa cheti, nikapigwa picha nimekishika, na Mama akaitundika sebuleni juu ya redio.

Tatizo ni kwamba viti havitoshi. Mitambo ya ukanda wetu ina viti elfu sita na watu wenye vidundo ni elfu sita na mia moja. Asiye na kiti hukaa kwenye foleni, mnara unamhudumia unapopata nafasi. Kwa mtu aliyetulia nyumbani, tena mahali pasipo na msongamano, hilo halina neno. Kwa mtu anayevuka mpaka ni kucheza kamari.

Na msiba ndio uliotushinda mwanzoni. Mtangulizi hukisia kwa mazoea ya mtu, lakini msiba huvunja mazoea ya kila mtu: mwalimu wa Singida ambaye hajapanda mlima kwa miaka sita anaamka na kupanda mlima. Kwenye maziko ya mzee mmoja wa Chome walikufa watatu njiani, tukawazika juu ya matanga ya yule wa kwanza. Nikaona haya, nikafanya kazi wiki tano mfululizo. Nilimlisha Mtangulizi koo zote, nani ni nani wa nani, nani ni Msabato, nani ni Mwislamu, nani huzikwa kesho yake na nani husubiriwa watoto wafike kutoka mbali. Nikamwandikia kanuni tatu za msiba. Ya tatu niliiandika bila kufikiri, maana nani angebisha: marehemu hahitaji kiti, kiti chake apewe anayekuja kumzika.

"Nyie wa ukoo wenu mliofungwa vidundo ni wangapi?" Ndekirwa aliuliza.

"Arobaini na wawili, bila mimi. Mimi sina."

Akaanza kuhesabu upya kwa kidole, lakini mimi sikuhitaji kuhesabu. Nilikuwa nimeshaona jina ambalo halipo. Kaka yangu Mbazi, mtoto wa kwanza wa Mama, mnunuzi wa tangawizi, mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kukaa mahali pamoja hadi chai ipoe. Kiti chake kilikuwa kimeondolewa saa kumi na mbili asubuhi ile. Mtangulizi anashika mioyo ya watu elfu sita usiku na mchana. Alikuwa ameuona moyo wa kaka yangu ukianza kuchoka, akapiga hesabu zake, na akaanza kutuandalia safari ya kwenda kumzika.

* * *

Ndekirwa alifungua kumbukumbu za nyuma, na sikumzuia ingawa nilitamani kumzuia. Tulipata watu kumi na tisa katika miezi kumi na minne. Wote viti vyao viliondolewa kabla hawajafa, wengine kwa siku moja, wengine kwa saa tatu. Madaktari waliandika moyo ulishindwa, nasi tuliamini, kwa kuwa kweli mioyo yao ilikuwa dhaifu.

Nikamwambia aangalie walikufia wapi. Hakuna aliyefia kitandani. Wote kumi na tisa walikufa wakivuka kutoka mnara hadi mnara, bila kiti, katika sekunde mbili za zamani ambazo mimi nilipewa cheti kwa kuziondoa. Mtangulizi alikisia kwamba mtu atakufa, akamnyang'anya kiti, mtu akafa kwa kukosa kiti, na Mtangulizi akajiandikia kwamba amekisia sawasawa. Kila kifo kilimfanya ajiamini zaidi. Hata mganga wa kienyeji anayebashiri kifo cha jirani huona aibu kidogo kwenda kukitimiza mwenyewe.

Nilimpigia Mhandisi Kyaruzi, mkuu wetu aliyeko Dodoma. Kufuta kanuni kunahitaji funguo mbili, wangu na wake. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa upole wake ule ule wa siku zote, kisha akaniambia kwamba kumi na tisa kwa miezi kumi na minne si wanane kwa mwezi, na kwamba kumzima Mtangulizi saa hizi, watu wakiwa barabarani, ni kuua wengine ambao hatujui hata majina yao. Angelipeleka suala hili kwenye kikao cha Ijumaa.

"Alhamisi ni kabla ya Ijumaa," nilimwambia.

"Najua, Nakijwa. Na pole sana."

Alinipa pole ya msiba kaka yangu akiwa hai. Hapo ndipo nilipoogopa kikweli, maana nilijua hata Kyaruzi anamwamini Mtangulizi.

Mbazi alipokea simu mara ya kwanza. Nilisikia injini, na upepo wa dirishani. Nikamwuliza yuko wapi. Akasema ameshapita Same tangu asubuhi, anaingia Kisiwani, ana magunia thelathini matupu na anakwenda Gonja kupakia.

"Kaka, simama."

"Nisimame wapi? Kuna trafiki?"

"Simama hapo hapo ulipo. Nakuomba, Kaka."

Injini ikazimika. Akauliza kwa sauti ya chini, "Haya, sema. Nani amefariki?"

"Hakuna," nikasema. "Bado hakuna."

Nilimweleza nilivyoweza. Sikumficha lolote, mficha maradhi kifo humuumbua. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake, halafu akacheka kicheko kifupi akasema basi atakaa Kisiwani awe mwenyekiti wa kijiji. Nikamwambia asitoke hata hatua mia. Nilidhani nimemwokoa, kumbe nilikuwa nimesahau kwamba Jumanne ni siku ya mnada Kisiwani.

Kufikia saa tano watu walikuwa wamejaa kutoka pande zote, na mnara wa Kisiwani ukaanza kuelemewa. Wenye viti walihudumiwa kwanza, kama ipasavyo. Kaka yangu kwenye foleni akaanza kucheleweshwa hata akiwa amekaa tuli: sekunde moja kasoro robo, kisha moja, kisha moja na robo. Ndekirwa alikuwa anazisoma namba kwa sauti, na aliposema moja na robo nikamwambia anyamaze. Mbazi aliniandikia ujumbe kwamba anahisi kizunguzungu, labda ni njaa.

Uwezo mmoja nilibaki nao peke yangu, bila ufunguo wa Kyaruzi: kuhamisha kiti kwa mkono. Uliwekwa kwa ajili ya magari ya wagonjwa. Unachagua wa kumpa na wa kumnyang'anya. Majina hayaonekani, namba tu, ili mhandisi asipendelee. Mimi nilikuwa napendelea waziwazi, jina la ninayempa nalijua tangu tumboni mwa Mama, lakini la ninayemnyang'anya sikulijua, na nakiri kwamba hilo lilinipa nafuu.

Nilitafuta aliyetulia kuliko wote. Nikampata upesi. Namba 2207, mwanamke, umri miaka hamsini na nane, mnara wa Kihurio. Hajatoka chini ya mnara wake kwa siku mia moja ishirini na nane. Moyo wake ulikuwa wa kawaida, na Kihurio hakuna msongamano. Mtu asiyekwenda popote, nilijiambia, kiti cha kumtangulia safarini atakifanyia nini? Kwa mtu wa namna hiyo foleni ni sawa na kiti. Ndekirwa hakunizuia wala hakuniambia nifanye. Alitazama kikombe chake.

Nikabonyeza. Ucheleweshaji wa Mbazi ukaanguka hadi sehemu nne za elfu. Nilimpigia nikamwambia aondoke kwenye ule umati, apande moja kwa moja Mamba kwa Mama, akae kitandani mpaka nimwambie vinginevyo. Akasema tangawizi je. Nikamwambia tangawizi haioti mbawa. Akawasha gari.

Kwenye skrini ya Ndekirwa, viti vya Alhamisi pale Mamba vilianza kufutika, kimoja baada ya kingine, Shangazi Nakundwa, Baba mdogo Kiondo, binamu wa Mwanza. Nililia, na sikuona aibu kulia mbele ya Mchaga.

* * *

Nusu saa baadaye nilikuwa bado napangusa macho Ndekirwa alipoinua kichwa.

"Kihurio," alisema.

Mnara wa Kihurio ulikuwa unatengewa viti. Vitatu, kisha tisa, kisha ishirini na sita. Watu wa Tanga mjini, wa Korogwe, wa Mombo. Siku: Jumatano. Saa saba mchana, baada ya adhuhuri. Mtangulizi alikuwa amefundishwa na mimi mwenyewe kwamba Waislamu hawachelewi kuzika.

Nikasema haiwezekani, huyu mtu hatoki, foleni haimdhuru. Ndekirwa akafungua orodha ya ukoo ule na kumtafuta asiyekuwamo. Salha Mkwizu, kidundo namba 2207. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja ambao nisingeuona nilipokuwa natazama namba tu: mume wake alikuwa amefariki siku mia moja ishirini na nane zilizopita.

Miezi minne na siku kumi. Nimekua na majirani Waislamu, nimepeleka uji kwa wanawake waliokaa eda, nimeona wanavyohesabiwa siku na mabinti zao. Bi Salha hakuwa ametulia kwa sababu hana pa kwenda. Alikuwa ametulia kwa sababu mume amekufa, na leo asubuhi siku zake zilikuwa zimetimia. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilikuwa nimemchoma mama wa mwenzangu bila hata kugeuka kumtazama.

Kitone chake kwenye ramani ya skrini kilikuwa kimeshaondoka Kihurio, kinakwenda mwendo wa gari kuelekea Ndungu. Mpaka wa minara ile miwili ulikuwa mbele yake kilomita nne.

Namba ya simu iliyoandikwa ilikuwa ya binti yake. Akapokea kukiwa na vicheko nyuma yake, wanawake kadhaa, na kitoto kikiimba.

"Nani mwenzangu?"

"Naitwa Nakijwa, mhandisi wa vidundo, kituo cha Same. Uko na mama yako? Tafadhali simamisheni gari. Msivuke kuingia Ndungu."

"Mama ana nini?"

"Moyo wake hauna kiti kwa sasa. Akivuka..."

"Kisha utaniambia nikutajie namba ya siri, sivyo?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Matapeli mmefika mpaka huku. Leo mama yangu ametoka eda, tunampeleka kwa dada yake Ndungu akale chakula cha watu. Mwogope Mungu."

Akakata. Nilipiga tena, ikawa imezimwa.

Kumrudishia kiti chake kulihitaji kubonyeza kitufe kimoja. Lakini kiti kilikuwa chini ya Mbazi, na Mbazi alikuwa anapanda kona za mlima wa kwetu, dakika moja tu kabla ya mpaka wa Gonja na Mamba. Nilimpigia asimame. Iliita hadi ikakatika. Namjua kaka yangu, simu iko mfukoni na mikono yote miwili imeshika usukani, kama nilivyomsihi miaka yote. Nikapiga tena.

"Tafuta mwingine," Ndekirwa alisema. "Wa tatu. Upesi."

Nikafungua orodha ya waliotulia. Namba 0913, Hedaru, siku arobaini, mwanamke kijana. Nikafikiri, amejifungua, leo arobaini imetimia, atatoka. Namba 3340, Makanya, siku kumi na moja. Huenda anauguza mtu, na mgonjwa akizidiwa watakimbia hospitali. Namba 5102, Suji, mzee, siku sitini. Nusu saa iliyopita namba hizi zilikuwa samani tu kwangu, zimepangwa ukutani. Sasa kila aliyetulia nilimwona ana sababu ya kutulia na siku yake ya kuondoka, na kidole changu hakikuweza kushuka juu ya yeyote.

Kitone cha Bi Salha kilikuwa na mita mia nne. Mia tatu. Ndekirwa aliniita kwa jina langu, bila cheo na bila utani. Niliweka kidole kwenye namba 2207 kumrudishia, nikakitazama kitone cha Mbazi kwenye kona ya mwisho, nikakiinua. Nikakirudisha. Nilijiambia, apokee simu tu, aseme haya nimesimama, nibonyeze. Simu iliita.

Miaka kumi na moja nimefanya kazi ya kupunguza ucheleweshaji. Najua sehemu ya elfu ya sekunde ni nini. Nilikaa pale, kidole hewani, sekunde tisa.

Kitone cha Mbazi kilivuka kuingia Mamba. Sehemu nne za elfu, safi kabisa, moyo haukutikisika. Hapo hapo nikabonyeza kumrudishia Bi Salha kiti chake. Skrini ikakubali. Lakini makabidhiano yake kutoka Kihurio kwenda Ndungu yalikuwa yameshaandikwa mstari wa juu: sekunde mbili.

Kitone chake kilisogea mita hamsini ndani ya Ndungu kisha kikasimama. Viti vya Jumatano pale Kihurio vilifika thelathini na nane, havikuongezeka wala kupungua. Ndekirwa alivua miwani yake akaiweka mezani.

Mbazi alinipigia kwanza. Amefika getini kwa Mama, alisema, na ameona nimempigia mara nne, kuna nini tena? Nikamwambia aingie ndani akalale. Akaniambia nisijali, anajisikia mzima kabisa, tena ana njaa, na Mama anaweka ugali. Nilimsikia Mama nyuma yake akinisalimu. Nikakata.

Halafu simu ikaita tena mkononi mwangu. Ilikuwa ile namba ya Kihurio, iliyonizimia. Nilijua kwa nini imewashwa. Niliiacha iite mara tatu, nikiwa na woga ambao sijawahi kuuhisi hata nilipomzika baba yangu, kisha nikapokea.

Hakuna aliyekuwa anacheka nyuma yake sasa. Kitoto kilikuwa kinalia.

"Dada," alisema yule binti, taratibu, kama mtu anayefuata maelekezo neno kwa neno. "Dada, ulisema tusimame. Tumesimama. Mama haitiki. Sasa tufanye nini?"